Masika ya Bibi Udongo

Jumapili, 2 Machi

Shangazi kanipa daftari hili niandike viti vya bustani yake ya sherehe vinavyovunjika. Viti vitasubiri. Ukurasa wa kwanza nauwekea kiapo: mvua hizi hazitakatika kabla Mwalimu Miwani hajachekwa mbele ya watu kama nilivyochekwa mimi.

Naandika ilivyokuwa ili hasira isije ikapoa. Mwalimu Miwani ana darasa la jioni la kuwaandaa watu kwa mtihani wa sayansi wa kuingia chuo cha maabara. Mwaka jana nilikuwa mwanafunzi wake. Akatupa jaribio, swali moja likiuliza mmea hupata wapi chakula chake. Nikaandika nilichokiona kwa macho yangu tangu nikiwa mdogo: mmea unakula udongo kwa mizizi, ndiyo maana udongo ukichoka na mmea unakonda. Jibu langu aliliinua juu akalisoma kwa sauti. Kisha akavua ile miwani yake ya duara, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema, "Jamani, huyu tumpelekeeni sahani ya udongo, asije akalala njaa."

Darasa lilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Toka siku ile jina nililopewa na wazazi likafa, nikawa Bibi Udongo. Hata muuza vocha wa pale kona ananiita hivyo, na sidhani kama anajua kwa nini. Sikurudi darasani tena. Mtihani wenyewe niliufanya kwa hasira badala ya akili, nikaanguka.

Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea, kasema neno moja tu: "Nakupa masika haya. Ukianguka tena unabaki na viti vyangu, na nisisikie habari za chuo humu ndani."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimefuta viti. Hakuna aliyevikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekariri usanisinuru wote. Hewa ya ukaa na maji, kwa nguvu ya mwanga na kwa msaada wa klorofili, hutoa sukari na oksijeni. Naweza kuisema hata nikiamshwa usingizini. Ila sielewi hata chembe. Sukari gani? Leo nimetafuna majani ya nyasi nyuma ya stoo, nikatafuna na mengine, sikuona utamu wowote. Shangazi kaniona akauliza kama nyumbani chakula kimeisha.

Jumamosi, 15 Machi

Bustani yetu ni ya kukodisha kwa sherehe na mikutano. Kuna kiwanja cha nyasi ambacho Shangazi anakipenda kuliko ndugu zake, kuna jukwaa la zege upande mmoja, stoo ya viti, na tangi la maji juu ya nguzo ndefu. Watu wakitaka kucheza muziki tunalaza mbao mbele ya jukwaa. Chama cha mafundi bomba walikuwa na mkutano wao hapa wiki nzima, na mbao zililala hapo wiki nzima. Leo Fundi Turubai, ambaye ndiye mwenye kazi ya mahema na mbao, kazinyanyua.

Chini palikuwa na mraba wa njano kabisa. Shangazi alipiga ukelele nikadhani kaumwa na nyoka.

"Umeniulia nyasi zangu!"

"Hazijafa, mama," Fundi Turubai akasema bila haraka. "Zimekosa hewa tu. Hata wewe nikikulaza chini ya mbao wiki nzima utatoka hivyo hivyo."

"Mlaze mkeo!"

Wao wakaendelea kujibizana, mimi nikachuchumaa. Udongo ulikuwepo. Maji yalikuwepo, tena matope matupu. Kama nyasi hula udongo, basi zilikuwa zimelalia chakula chao usiku na mchana. Mbona zimekonda? Nimekaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana nimefikiria jibu langu bila kuona aibu. Nimeona tu kwamba lina tundu.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi Turubai anasema hewa. Kitabu kinasema mwanga. Nimechukua kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika na mfuniko wa sufuria kubwa, nikavilaza juu ya nyasi nyuma ya stoo, kila kimoja nimekifukia kingo zake kwa udongo hewa isipite. Kioo kinapitisha mwanga, mfuniko haupitishi. Tutaona nani mkweli.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Dada wa Maua, yule mpambaji, kaja kuchukua vitambaa vyake. "Bibi Udongo, hujambo?" Nimemwitikia. Nimemwekea kitambaa chenye doa juu kabisa.

Alhamisi, 27 Machi

Chini ya kioo: kijani. Chini ya mfuniko: njano. Vyote viwili vilizibwa sawasawa. Kwa hiyo ni mwanga.

Nilimpigia Fundi Turubai simu kumwambia kuwa hoja yake ya hewa imeanguka. Akaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Nikamwambia hii ndiyo kazi. Akacheka, lakini si kile kicheko cha darasani. "We mtoto mbishi," akasema, "utafika mbali au utapigwa."

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimelia, tena kwa sababu ya maharage.

Nilikuwa nimeyafunga kwenye kitambaa kibichi nikayaweka kabatini, gizani, nione kama yatagoma kukua. Nilijiamini. Hakuna mwanga, hakuna chakula, hakuna kukua. Leo nimefungua kabati nikakuta yamechipua marefu, meupe, yamejikunja juu ya vikombe. Marefu kuliko niliyoyaacha dirishani! Bila mwanga, bila udongo. Basi yamekula nini, kitambaa?

Nimekaa sakafuni jikoni nikaona kila kitu kimeporomoka. Shangazi kaingia kutafuta kikombe akakuta shina la harage limekizunguka.

"Mwanangu," akasema, "haya masomo yako yana mwisho?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia najua anaomba nianguke, apate wa kufuta viti vyake bure mpaka azeeke. Alitoa kikombe kingine akaenda zake. Naandika nilichosema kwa sababu nilikimaanisha. Mtu anayetaka ufaulu hakuambii habari za viti.

Alhamisi, 10 Aprili

Maharage ya kabatini yamelala chini yote. Yamekwisha. Ya dirishani ni mafupi, lakini yana majani ya kijani na yanazidi kunenepa.

Nimelipasua harage kavu nikaliangalia ndani. Ile nyama nyeupe yote ni chakula, ndicho tunachokula sisi. Kumbe mama mmea humfungia mwanawe masurufu kabla ya safari. Kwa masurufu hayo anakimbia gizani akitafuta mwanga. Asipoupata kabla masurufu hayajaisha, habari yake imekwisha.

Sasa naelewa kwa nini majani ndiyo jiko. Nimeufunga ukurasa wa kitabu nikaieleza habari yote kwa maneno yangu mwenyewe, nikiwaeleza viti. Bado jambo moja linanikwama: hewa ya ukaa inaingiaje hapo? Hewa haina uzito. Sukari ina uzito.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja.

Nilikuwa nafagia maji jukwaani nikamwona getini na mwavuli, suruali kaikunja, miwani ina matone. Mwalimu Miwani mwenyewe. Anataka bustani Jumamosi ya tarehe kumi Mei, siku chache kabla ya mtihani, kuwaaga wanafunzi wake mbele ya wazazi wao. Shangazi kampokea kwa heshima zote. Kampa kiti ambacho nilikuwa nimetoka kukifuta.

Akanitambua. "Ah! Kumbe Bibi Udongo uko hapa!" Akamgeukia Shangazi huku anatabasamu. "Huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Vipi binti, bado unakula?"

Alisema kwa upole kabisa, unaweza kudhani ananisalimia. Hajui hata kama kuna kidonda alichokitonesha. Kwake ni kichekesho kidogo cha mwaka jana, na alikuwa na hakika kwamba hata mimi nakicheka. Nimeshika fagio mpaka kiganja kikauma. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwalimu.

"Mtihani huu unajaribu tena?" akauliza.

"Nitafanya."

"Vizuri. Usikate tamaa," akasema, na akaenda kupima hatua kutoka jukwaani mpaka mahali pa mahema.

Alipoondoka nilipanda tangini kuangalia maji. Kutoka kule juu niliuona ule mraba wa njano wa mafundi bomba, unarudi kijani polepole lakini pembe zake bado zimenyooka kama zimepigwa rula. Nikaushika ukingo wa tangi. Nyasi zinashika umbo la kitu kilichozifunika. Mbao zikiwa za mraba, mraba. Na kama kilichozifunika si mraba?

Nilishuka ngazi nikitabasamu. Ni mara ya kwanza mwaka huu.

Jumanne, 22 Aprili

Shangazi kaenda kwenye msiba, mvua imepumzika. Nimefanya kazi siku nzima.

Nimekata nailoni nyeusi za kufunikia viti. Nimemchora punda. Kichwa kikubwa, taya, shingo inayoishia kwenye tai, masikio mawili marefu yaliyosimama, na machoni miduara miwili ya kufuata ukingo wa beseni, imeunganishwa kwa kijiti puani. Miwani. Mtu yeyote atakayemwona atajua ni nani. Nimemlaza mbele ya jukwaa kabisa, pale pale ambapo wazazi wote watakuwa wanatazama, nikampigilia kwa misumari ya mahema. Kila nilipomaliza kipande nilipanda tangini kumwangalia, nikashuka, nikasogeza sikio, nikapanda tena.

Ndugu yangu, ni mzuri. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi maishani mwangu.

Shangazi karudi jioni akauliza zile nailoni ni za nini. Nimemwambia naua magugu.

"Magugu yenye shingo?" akasema. Lakini alikuwa amechoka na msiba, akaingia ndani.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa. Sikio moja lilichomoka. Nimelirudisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Nimerudia masuala ya majani: vile vitundu vya stomata, vinavyofunguka na kufungika. Nimeyajua. Nimeinua ncha ya taya. Chini pameanza kupauka.

Jumanne, 29 Aprili

Shangazi kanituma darasani kwa Mwalimu Miwani kumuuliza idadi ya viti. Sikutaka. Kanituma.

Nimefika katikati ya somo. Dirisha liko wazi, nikasimama nje chini ya paa nisubiri amalize. Alikuwa na gogo la kuni mezani. "Hili gogo ni zito," akasema, na akalidondosha kwa kishindo, watu wakaruka. "Uzito huu ulitoka wapi? Msiniambie ardhini. Mti huu ungekuwa umekula ardhi, mahali ulipokuwa pangekuwa na shimo la kuzikia tembo." Wakacheka. Akawaacha wamalize. Kisha akavuta pumzi, akaitoa polepole mbele ya lile gogo. "Ni hii. Hii mnayoitoa puani mkaiona bure. Jani linaidaka, linaichanganya na maji, linaishona kwa mwanga. Gogo hili ni hewa iliyoshonwa. Na ukilichoma, hewa inarudi ilikotoka, na mwanga nao unatoka. Huo moto unaouota jikoni ni jua la miaka iliyopita."

Nilisimama hapo nje mvua ikinimwagikia mgongoni. Kile kilichokuwa kinanikwama tangu Machi kilifunguka chote mara moja. Hewa ina uzito. Mdogo, lakini inao, na mti una miaka.

Hapa ndipo penye uchungu: anafundisha vizuri. Ningependa awe mjinga. Mjinga ningemsamehe. Huyu anajua kumfungua mtu akili kwa gogo moja, na siku ile alikuwa na jibu langu mkononi, jibu la mtu aliyetazama na kufikiri akakosea, na angeweza kulidondosha mezani hivi hivi na kuniuliza, "Basi shimo liko wapi?" Ningeelewa palepale. Akachagua sahani.

Sikumuuliza idadi ya viti. Nimerudi nikamwambia Shangazi ni vyote.

Ijumaa, 2 Mei

Boya la tangi limekwama, maji yanamwagika. Nikasema nitapanda mimi. Shangazi akasema nimezidi kupanda siku hizi, akapanda mwenyewe na bisibisi. Alikaa kule juu muda mrefu kuliko boya linavyohitaji. Aliposhuka aliuliza tu chai iko wapi.

Jumapili, 4 Mei

Jua! Nyasi zote zimenawiri, isipokuwa anapolala mgeni wangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezitoa nailoni jioni hii. Nimepanda tangini. Yuko pale, wa njano iliyokolea juu ya kijani, masikio, tai, miwani. Keshokutwa, mwalimu.

Ijumaa, 9 Mei

Laana!

Shangazi kamwamuru Fundi Turubai alaze mbao za kuchezea mbele ya jukwaa. Nilimwambia wanafunzi hawachezi. Akasema wazazi wanacheza. Nilimwambia nyasi zake zitakufa. Akanitazama machoni. "Kwa siku moja? Wewe si ndiye msomi wa nyasi?" Mbao zimelazwa zote, punda yuko chini, na kesho jioni zikinyanyuliwa kila mtu atakuwa ameshakwenda kwao. Masika mazima yamefunikwa kwa mbao.

Anajua. Alimwona kutoka tangini, na amechagua kumlinda mteja wake. Sikula.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetulia vya kutosha sasa kuandika.

Watu walijaa. Wazazi walikaa kuzunguka mbao, wanafunzi nyuma yao. Mimi nilikuwa napanga soda kando ya jukwaa. Mwalimu Miwani alipanda na kipaza sauti, akasema ya kusema, akashukuru waliostahili. Halafu akaniona.

"Ndugu wazazi," akasema, "leo nataka kuomba radhi. Mwalimu naye ni binadamu. Hapa pana binti ambaye mwaka jana nilimkosea."

Watu wakageuka. Na nakiri kwamba kwa dakika ile, moyo wangu ulilegea. Nilisema, kumbe anakumbuka.

Kisha akaanza kuwaeleza alivyonikosea. Akalisoma jibu langu kwa kichwa, neno kwa neno, kwa sauti ya kunyong'onyea kama mtoto. Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. "Nami nikasema, jamani, tumpelekeeni sahani ya udongo!" Wazazi wakaangua kicheko. Kuna mzee alipiga meza. Waliokuwa hawajui sasa wakajua, mama zao na baba zao, na kichekesho kilitoka vizuri kuliko mwaka jana, kwa sababu amekifanyia mazoezi. Akasubiri kicheko kipungue ndipo akasema, "Basi binti, unisamehe." Wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

"Panda, panda," akaniita. "Tuoneshe kama umesamehe. Waambie, mmea unapata wapi chakula?"

Nilipanda ngazi za jukwaa. Niliwaeleza. Niliwaambia chakula hakiko ardhini, kinapikwa kwenye jani; maji yanapanda toka chini na chumvichumvi kidogo, hewa ya ukaa inaingia kwenye vitundu, mwanga ndio moto wa jiko lenyewe. Niliwaambia habari ya kioo na mfuniko, na ya maharage na masurufu yake. Wakati huo hakuna aliyecheka.

"Safi!" akasema Mwalimu Miwani, na alikuwa amefurahi kweli, hilo lazima niliandike. "Lakini sayansi ni ushahidi. Thibitisha!"

Ni yeye aliyesema. Mimi sikumwomba.

"Ushahidi uko pale chini, mwalimu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Fundi, tunyanyulie mbao."

Fundi Turubai akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa stoo amekunja mikono. Nilimwona akitikisa kichwa, kutoka juu kwenda chini. Mbao zikaanza kunyanyuliwa, ya kwanza, ya pili, na wazazi wakavuta viti nyuma. Nikangojea kicheko.

Hakikuja.

Walikuwa wameinama wanatazama. Mama mmoja akasema, "Eti kweli, ona palivyo njano." Mwingine akauliza kama ni ramani. Mzee aliyepiga meza akasema hiyo ni kama ngozi ya fisi. Nikaelewa kosa langu, nikatamani ardhi inimeze. Masika mazima nilimtazama punda wangu kutoka juu ya tangi. Nilimchora kwa ajili ya mtu anayetazama toka juu, na wageni hukaa chini. Kwa aliyeketi kwenye kiti kando ya nyasi, ni mabaka tu.

Lakini sisi wawili hatukuwa tumeketi. Sisi tulikuwa jukwaani.

Nikageuza kichwa. Mwalimu Miwani alikuwa anatazama chini. Ameyaona masikio. Ameifuata shingo mpaka kwenye tai, na nilimwona akiigusa ya kwake bila kujua. Akavua miwani, safari hii hakuifuta, akairudisha usoni. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Yule ni mimi?" akaninong'oneza.

"Miwani ndiyo yako," nikamwambia. "Yaliyobaki nimebuni."

Wazazi walikuwa wanasubiri. Sijawahi kumwona mtu akitafuta neno namna ile, yeye ambaye maneno hulala mdomoni mwake yakisubiri zamu. Masikio yake yalibadilika rangi. Hakukuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa anacheka, na bado alikuwa anachekwa, na aliyekuwa anamcheka nilikuwa mimi, peke yangu, na alikuwa anajua. Hatimaye akaondoa kiganja, akasema kwa sauti iliyokauka, "Jibu ni sahihi." Akashuka.

Walinipigia makofi mengi. Nimefuta viti vyote usiku huu bila kuambiwa.

Jumapili, 11 Mei

Shangazi kanikuta naangalia nyasi. Nikasubiri anifukuze.

"Nilimwona tangu tarehe mbili," akasema. "Nikaweka mbao. Nyasi ni kazi yangu, siwezi kuacha zitukane wateja. Halafu nikasikia alivyokuomba radhi. Ile si radhi, ile ni kukutukana kwa mara ya pili na soda juu."

"Kwa hiyo hukunikasirikia?"

"Nimekasirika. Ungekuwa umeniambia mapema, ningekwambia umwekee na mkia."

Kisha akasema kwamba alinitisha na viti kwa sababu mwaka jana alinibembeleza, na kubembeleza hakukunisaidia. Nikakumbuka yale niliyomwambia siku ya maharage. Nilimwomba radhi, bila hadhira. Akasema niende nikasome.

Jumatano, 14 Mei

Mtihani. Swali la mwisho: mche ulipandwa kwenye pipa, baada ya miaka ukawa mti mzito, udongo wa kwenye pipa ukapungua kidogo sana. Uzito wa mti ulitoka wapi? Eleza.

Nililisoma nikacheka kwa sauti, msimamizi akanikemea. Nimejaza karatasi mbele na nyuma.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekatika.

Jumanne, 24 Juni

Nimefaulu. Jina langu liko kwenye orodha ya chuo, jina langu lile la kwanza, nililopewa na wazazi. Shangazi kalisoma mara nyingi kwa kidole, halafu kaenda stoo kuhesabu viti ambavyo vilikuwa havihitaji kuhesabiwa. Nimemwacha.

Saa kumi kaja Mwalimu Miwani. Alikuwa na simu mkononi na maneno ameyapanga. Anatengeneza bango jipya la darasa lake, la waliofaulu, na kwa kuwa nami nilipitia kwake, anaomba picha yangu moja.

"Picha iko," nikamwambia. "Lakini inaonekana kutoka kule juu."

Akaliangalia tangi. Akanitazama. Nilidhani atageuka aende zake, lakini aliweka simu mfukoni akaanza kupanda, na viatu vyake vile vya ngozi, ngazi ikilia kila kipago. Nilikuwa chini nimeishika. Ngazi ile hucheza isiposhikwa, na sitadanganya katika daftari langu mwenyewe, wazo lilinipitia.

Akafika. Akasimama muda mrefu ameshika ukingo wa tangi, anatazama kiwanja upande huu na upande ule. Mimi nilijua anachokiona, maana nilipanda asubuhi. Nyasi zimefunga. Ni kijani tupu kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Sioni kitu," akasema toka juu. Sauti yake ilikuwa na kitu kama nafuu. "Zimerudi zote. Hata alama hakuna."

"Zilipata mwanga, mwalimu. Zimeshasahau." Nikainua uso nimwone vizuri. "Mimi bado."

Alitazama tena kiwanja, akitafuta mahali masikio yalipokuwa. Kisha akaanza kushuka taratibu, kipago kwa kipago, na mimi nikaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka alipofika chini.